Hatua Mia Sita za Dobi

Duka langu ni dogo kiasi kwamba akiingia mteja mnene, mimi hutoka nje kumpisha. Nauza chaja, vifuniko vya simu, spika za mkononi, na tangu mwaka juzi nauza pia saa janja, zile za bei ya chini zinazokuja katika vijisanduku vyeupe vyenye picha ya kijana anayekimbia. Sijawahi kumwona mnunuzi wangu hata mmoja akikimbia. Wanazinunua kwa sababu zinawaka taa. Watu wa kichochoro chetu wameniita Mama Chaja, nami nimeitika, maana jina la kupewa halikataliki.

Ukuta kati yangu na Dobi ni wa mbao, na una ufa wa kutosha kupitisha umbea. Kupitia ufa huo nimesikia pasi yake ikisugua meza kwa miaka tisa, tangu nifungue duka. Lakini mimi na pasi hiyo tunajuana tangu zamani zaidi. Nilizaliwa nyumba ya nne kutoka hapa, na nilipokuwa shule ya msingi mama alinituma kila Jumapili jioni nipeleke sare yangu. Enzi hizo pasi ilikuwa ya mkaa. Chumba kilinuka wanga, moshi na nguo zenye joto, na mpaka leo nikifungua kabati nikakutana na shati lililonyooshwa barabara, narudi kuwa na miaka minane.

Dobi ni mtu wa kushoto. Pasi anaishika kwa mkono wa kushoto, na shati analikunja kuanzia kushoto, kinyume cha madobi wenzake wote. Nguo iliyopita mikononi mwake inajulikana hata ukiikuta mji mwingine.

Mkewe tulimwita Shangazi, sote, hata waliomzidi umri. Kazi waligawana: mume anyooshe, mke apeleke. Jumamosi alasiri Shangazi alizipanga nguo katika kapu pana, akazifunika kwa kitambaa cheupe, akajitwisha, akaanza mzunguko wake. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mkali ambaye sasa amestaafu, juu ya kilima, mwisho wa ngazi za mawe. Na kila Jumamosi, kabla Shangazi hajatoka, walibishana mlangoni.

"Ni hatua elfu nzima mpaka kwa mwalimu mkuu," Shangazi alisema. "Njoo unisindikize siku moja uone."

"Elfu ya wapi? Hazizidi mia sita. Labda unahesabu na za kuku."

"Wewe ulizihesabu lini?"

"Kilima nakiona kutoka hapa. Nenda bwana, pasi yangu ina moto."

Ubishi huo tuliusubiri kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari. Kichochoro kiligawanyika, wengine wa elfu, wengine wa mia sita. Mimi nilikuwa wa elfu, kwa sababu kola yangu ikijikunja Shangazi aliirudia bure. Hakuna aliyekwenda kuhesabu, na nadhani hakuna aliyetaka, maana ubishi ungekwisha. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nikikumbuka Jumamosi zile, mlango wazi, mvuke ukitoka, watu wazima wawili wakigombania hatua mia nne, natamani mtu anirudishe japo kwa dakika tano.

Shangazi alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliugua wiki mbili tu. Baada ya hapo wateja walianza kuja wenyewe kuchukua nguo zao, na mwalimu mkuu akawa anamtuma mfanyakazi wake wa nyumbani. Dobi hakuwa na sababu ya kutoka tena. Kitanda chake kiko nyuma ya pazia, meza yake iko mbele ya pazia. Kutoka kitandani hadi mezani ni hatua sita, na kutoka mezani hadi kwangu kuja kunywa chai ni kumi na moja. Hiyo ndiyo dunia aliyobaki nayo.

Mwaka jana mguu wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Zahanati wakampima, sukari iko juu. Daktari akamwandikia vidonge, akamwambia pia atembee kila siku, atembee sana, la sivyo mguu huo utamletea matatizo makubwa zaidi. Dobi akamjibu kwamba yeye anasimama tangu asubuhi hadi jioni. Daktari akamwambia kusimama hata nguzo inasimama.

Binti yake ni mwalimu, anaishi mbali, safari ya saa tano kwa basi. Alikuja mbio. Tangu mama yake afariki amekuwa akimbembeleza baba yake afunge chumba, ahamie kwake, na sasa alikuwa amepata sababu. Niliwasikia kupitia ufa, wala sikusogea pembeni.

"Baba, huku peke yako utaniozea. Kwangu kuna chumba, kuna wajukuu, kuna uwanja wa kutembea."

"Mwanangu, mama yako yumo humu. Nikifunga huu mlango, nimemzika mara ya pili."

Kisha binti akaja dukani kwangu, macho mekundu, akaniuliza kama nina saa inayohesabu hatua. Mimi ni mfanyabiashara, sikujivuta. Nikamwambia ninayo, inahesabu hatua, mapigo ya moyo, usingizi, na hata presha, ingawa ile ya presha niliitaja kwa sauti ya chini. "Hatua inahesabu vizuri?" akauliza. Nikamwambia, "Dada, haikosei hata moja." Nimeuza vitu vingi kwa maneno mengi, lakini sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kunisuta.

Alimfunga baba yake ile saa mkononi kama mtu anavyomfunga mtoto viatu. Masharti yalikuwa haya: hatua elfu tano kila siku, kwa miezi miwili. Kwa kuwa simu ya Dobi ni ya vibonyezo, mimi ningepiga picha kioo cha saa kila jioni kabla ya kufunga duka na kumtumia binti. Zikitimia, baba abaki na chumba chake. Zisipotimia, binti anakuja na gari la mizigo.

Siku za kwanza zilikuwa za vituko. Saa ilimtetemekea kila baada ya saa moja ikimwonyesha mchoro wa mtu anayeruka, ikimtaka ainuke, anyooshe viungo. "Nimesimama tangu alfajiri," alikuwa akiiambia, "hebu kaa wewe." Akienda kulala aliitundika kwenye msumari, na asubuhi ilisoma kwamba amelala saa tisa, usingizi mzito. Akaja kunionyesha. "Mama Chaja, msumari wangu umelala vizuri sana jana."

Jambo moja tu lilinishangaza. Kila jioni nilipopiga picha, hatua zilikuwa elfu tisa, elfu kumi, siku nyingine elfu kumi na moja na ushei. Binti alijibu kwa furaha mpaka nikaona aibu kwa uvivu wangu. Nilidhani mzee anatembea asubuhi kabla sijafungua.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, kichochoro kikawa mto, na Dobi hakutoka hata kuja kunywa chai. Saa kumi jioni nilivuka kwa kurukaruka juu ya mawe, nikaiangalia saa yake. Elfu kumi na moja mia nne na thelathini. Nikakaa kwenye benchi lake, nikatazama. Alikuwa ananyoosha mashuka ya nyumba ya wageni. Mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kwenye mkono huo huo ile saa ilipandisha namba kwa raha zake. Shuka moja, hatua sabini.

"Mzee," nikasema, "wengine wote huvaa saa mkono wa kushoto na kufanya kazi kwa mkono wa kulia. Wewe vyote umeviweka mkono mmoja. Saa inahesabu pasi."

Akasimama. Akaipeleka pasi mara tatu, akatazama, akaipeleka tena. Ndipo akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu enzi za Shangazi. "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kumbe saa yako inajitembeza yenyewe."

Tulicheka wote wawili mpaka machozi. Kicheko kilipokwisha, aliniangalia kwa namna ambayo naikumbuka vizuri. "Mama Chaja, usimwambie binti yangu."

Nilipaswa kusema hapana. Nilijua mguu ule, nilijua daktari alisema nini. Lakini nilifikiria mbao zile zikiwa kimya asubuhi, nikafikiria chumba kile kikipangishwa kwa mtu mwingine, labda muuza chaja mwenzangu. Na tuseme ukweli, niliona aibu pia kwa ajili ya saa niliyoisifu. Nikapiga picha. Nikatuma. Niliendelea kutuma kila jioni, na kila jioni niliposoma "Hongera baba" nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikafunga duka nikaenda zangu nyumbani.

Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa ya wiki sita. Binti alikuja kumpeleka baba yake zahanati, kipimo cha kuangalia maendeleo. Walitoka wakiwa wamechangamka na kurudi wakiwa wamenuna. Sukari haikushuka. Ilikuwa imepanda.

"Mashine yao mbovu," binti alikuwa akisema wakati wanaingia. Nilikuwa pale ndani, nimeachiwa chumba. "Mtu anayetembea hatua elfu kumi kwa siku! Haiwezekani. Kesho tunakwenda hospitali kubwa."

Dobi alifanya analolifanya siku zote, aliichomeka pasi na kuvuta shuka. Binti aliendelea kuilaumu zahanati. Pasi ikaenda, ikarudi. Na katikati ya maneno yake saa ikatetemeka, ikalia mlio wa furaha, na kwenye kioo kikatokea kikombe cha ushindi chenye nyota pembeni. Hatua elfu nane, lengo jipya, ambalo binti mwenyewe ndiye aliyeliweka asubuhi ile kwa kuwa elfu tano zilikuwa zinatimia mapema mno.

Binti alitazama kikombe. Akatazama shuka. Akatazama mkono. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani mwingine alijua?" akauliza polepole.

"Mimi, dada," nikasema.

"Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa unanitumia picha za mashuka."

Binti alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa hakuwa na hasira tena, alikuwa na hofu, na hofu ya mtoto kwa mzazi wake ni kitu kibaya kukitazama. "Baba, utaupoteza huo mguu. Mimi nimempoteza mama, sasa nikupoteze na wewe vipande vipande? Kesho tunafunga mizigo."

"Nipe mwezi mmoja. Nitatembea kweli."

"Utatembea wapi? Wewe lini umewahi kutembea? Aliyetembea humu ndani ni mama. Alikuomba maisha yake yote umsindikize, siku moja tu. Hata kwa mwalimu mkuu, pale juu tu, hukuwahi kwenda naye."

Aliyasema akajuta hapo hapo, nilimwona. Lakini neno likishatoka halirudi. Dobi alichomoa pasi. Ilikuwa bado na moto na shuka lilikuwa nusu. Katika miaka yote sijawahi kumwona akiacha nguo nusu. Akaenda kwenye rafu, akachukua furushi la mwalimu mkuu lililokuwa likisubiri mfanyakazi wake, akalikumbatia kwa mkono wa kushoto. Akaihamishia saa mkono wa kulia.

"Twendeni," akasema. "Nitahesabu kwa mdomo. Saa hii ni shahidi wa uongo."

Mimi niliandika namba ya saa kwenye kiganja changu kwa kalamu, ili tujue ilianzia wapi, nikafunga duka saa nane mchana kama mtu asiye na shida ya wateja. Tukaondoka, yeye mbele, sisi nyuma.

Alihesabu kwa sauti. Mia ya kwanza ilimfikisha kwenye bomba la maji, na watu waliokuwa wakichota wakasimama kumwangalia kwa sababu walishasahau kwamba anaweza kutoka. Mia mbili na arobaini, kinyozi akamsalimia, naye akaitikia kwa kichwa tu asije akapoteza hesabu. Mia tatu, njia ikaanza kupanda. Mguu wa kulia aliuvuta. Binti alitaka kumshika, akamkwepa. Mia nne. Mia tano. Nilikuwa nikiangalia nyumba ya mwalimu mkuu juu kule, bati lake jekundu, na ilikuwa haisogei.

"Mia tano tisini na nane. Mia tano tisini na tisa. Mia sita."

Akasimama. Hatukuwa tumezifikia hata ngazi. Tulikuwa kando ya ukuta mfupi wa mawe, na ng'ambo ya njia fundi viatu alikuwa amekaa na sindano yake, mzee aliyekuwepo pale tangu mimi mdogo. Dobi alitazama nyuma, akatazama mbele, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Dobi," fundi viatu akamwita. "Leo umetoka? Kaa hapo upumzike. Hapo hapo ulipo, ndipo mkeo alipokuwa akikaa."

"Hapa?"

"Hapo. Kila Jumamosi. Anatua kapu ukutani, ananiambia, 'Fundi, hatua za mume wangu zimeishia hapa. Zilizobaki ni zangu.' Anacheka, anapumua, anajitwisha, anapanda. Sikujua maana yake. Nilisema labda ni mafumbo yenu ya ndani."

Dobi alikaa ukutani, furushi mapajani. Kisha machozi yakamtoka bila kelele, akawa anayafuta kwa mkono wa kulia, na ile saa nadhani ilikuwa ikihesabu.

"Alikuwa amezihesabu zangu," akasema. "Zote mia sita. Kwa nini hakuniambia?"

Binti akakaa karibu naye. "Alikwambia, baba. Kila Jumamosi."

Nimesikia watu wakifokewa kwa sauti kubwa, lakini sijasikia maneno yaliyomwingia mtu kama yale yaliyosemwa kwa upole. Mzee alitikisa kichwa kukubali. Akasema ilikuwa pasi tu, kwamba siku zote ilikuwa na moto, na kwamba angeiacha, ingepoa tu, isingekufa. Kisha akainuka na kuendelea: mia sita na moja.

Ngazi zilimshinda mara mbili, na mara zote mbili alisimama, akarudia namba aliyoishia, akapanda tena. Mwalimu mkuu alifungua mlango mwenyewe. Alichukua furushi, akatazama shati la juu, akasema, "Mkunjo wa kushoto. Karibu, Dobi." Dobi alikuwa bado anashika namba yake kinywani asiiangushe.

"Elfu moja na kumi na mbili," akasema.

Niliangalia saa, nikatoa namba iliyokuwa kiganjani. Elfu moja na tano. Ilipishana naye saba tu, na siku hiyo nikaisamehe.

Binti alipanda basi kesho yake peke yake. Hakufunga mizigo. Alimwambia baba yake mwezi mmoja, akaongeza mwingine, na sasa hauzungumzii tena. Sukari inashuka kidogo kidogo. Dobi akianza kunyoosha huivua saa akaitundika kwenye msumari wake unaolala vizuri, na jioni nikipiga picha namba ni elfu nne na kitu, siku nyingine elfu tano, za miguu pekee. Jumamosi hujitwika lile lile kapu pana begani, kitambaa cheupe juu, akapeleka nguo za watu.

Ile saa ilikufa mwezi uliopita, mvua iliingia ndani ingawa kijisanduku kilisema haiingii maji. Nilimpa nyingine bure, ilikuwa haki yake. Ameivaa kwa ajili ya binti yake, lakini njiani haiangalii. Akifika kwenye ule ukuta hutua kapu na kukaa, hata kama hajachoka, akazungumza na fundi viatu mambo ya hali ya hewa. Kisha hunyanyuka, akazimalizia zile mia nne.